Kabla Hujachomoa Diski

Habari za jioni, wenzangu. Nianze na herufi nne. Kwenye seva ya Linux yenye diski nne za RAID 5, yaani diski zilizounganishwa ili moja ikifa data isipotee, ukisoma /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali yake, siku ya heri utakuta [UUUU], U moja kwa kila diski nzima. Diski moja ikifa utakuta [UU_U]. Kistari hicho ndicho kilichotukutanisha leo.

Mtu akikiona hushuka mbio chumba cha seva akachomoe. Nawasihi, subirini kwanza. Mimi niliwahi kuchomoa diski nzima nikaiacha mbovu, kwa kudhani sdc, jina ambalo Linux iliipa diski mbovu, ni ya tatu kutoka juu. Majina hayo hayafuati mpangilio wa kwenye kasha, na seva ikiwashwa upya yanaweza kubadilika. RAID 5 hustahimili kupotea kwa diski moja tu. Ya pili ikitoka, zote zinasimama. Tangu siku ile naisoma namba ya utambulisho ya diski (serial) kwa amri ya smartctl, naiandika kwenye karatasi, nashuka nayo na kuilinganisha na lebo, tarakimu kwa tarakimu.

Na kama diski inaumwa lakini bado inasomeka, msiitoe. Ongezeni mpya, kisha mtumie --replace ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID. Data inanakiliwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na pasiposomeka, wenzake wanajazia. Hapo kinga haikatiki.

Sasa kasi ya ujenzi, yaani ya kuijaza diski mpya data ya ile iliyokufa. Kuna mipaka miwili: speed_limit_min, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 1,000 kwa sekunde, na speed_limit_max, 200,000. Wengi hukimbilia kupandisha huo wa juu, kumbe unaowachelewesha ni wa chini. Watu wakiwa kazini, mfumo huwapisha, na ujenzi unaweza kushuka mpaka karibu na sakafu hiyo. Pigeni hesabu: diski ya terabaiti 4, kwa megabaiti 150 kila sekunde, inamalizika kwa saa 7 na nusu hivi. Kwa megabaiti 1, siku 46! Siku 46 bila kinga, huku diski tatu zilizobaki, ambazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zikisomwa mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo mchana napandisha min hadi 50,000, na nawaambia watu wa ofisini mapema kwamba mafaili yatafunguka taratibu. Usiku, wakishaondoka, naipandisha tena.