Halkumu na Marii: Alichokijua Mchinjaji Kabla ya Tabibu

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Bwana mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni wazee. Na ninyi wanafunzi wa uuguzi mliojibana viti vya nyuma, hamjambo? Leo siulizi maswali, msihofu.

Nimeombwa nizungumze juu ya majina ya kitabibu ya bomba la hewa na maradhi yake. Nilipomwambia mke wangu akacheka, akasema, "Saa nzima, koo tu?" Nikamjibu kwamba kilichoniinua kitini ni hilo hilo neno lake: koo.

Mimi nimekuwa tabibu hapa Tanga miaka mingi, na tangu nistaafu natafsiri vipeperushi vya afya. Katika kazi zote mbili hakuna neno lililonisumbua kama hili. Kiswahili chetu cha kila siku kina neno moja kwa njia mbili. Chakula kinapita kooni, hewa inapita kooni. Sauti imekauka, koo. Mwiba umenasa, koo. Mtu anakabwa, anakabwa koo, au kwa Kiswahili cha wazee wetu anakabwa roho, na roho hapo ni hiyo hiyo njia ya pumzi. Mgonjwa akikuambia "koo linanisumbua", bado hajakuambia kitu.

Sasa tazameni ajabu. Nendeni mkamuulize mchinjaji yeyote, hata kijana anayeshika mbuzi wa akika huko Ngamiani. Atawaambia bila kufikiri: katika kuchinja hukatwa halkumu na marii. Halkumu ni njia ya pumzi, marii ni njia ya chakula na maji. Sisi tuliosoma fikihi ya Imamu Shafii tuliambiwa madrasa kwamba mojawapo ikibaki haijakatwa, nyama hiyo hailiki. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi wa Tanga amekwisha kujua kwamba shingoni kuna mabomba mawili, jina la kila moja, na kwamba ukikosea kati yao kuna hasara. Kisha akiugua anakwenda zahanati, anasema "koo". Elimu ameiacha machinjioni.

Nitawapa mifano miwili, yote ya vyakula vyetu.

Wa kwanza ni mwatiko. Mnamjua, mtamu, lakini miiba yake haina hesabu. Mtu amekula, kimwiba kimemchoma, anakuja amejishika shingo, anatema mate, kumeza hawezi. Lakini anazungumza! Anakusimulia mpaka bei aliyomnunulia samaki. Huyu mwiba wake uko njia ya marii, au juu zaidi, karibu na mafindofindo. Pumzi yake haina tatizo. Mwambieni aache kumeza matonge makavu ya ugali ili "kuusukuma", maana tonge linaweza kuuzamisha mwiba nyamani. Aangaliwe kwa taa, utolewe.

Wa pili ni ubuyu. Mtoto wa miaka miwili anamumunya ubuyu mwekundu, dada yake anamchekesha, anavuta pumzi kwa kicheko. Anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanamtoka, kisha ananyamaza, anaendelea kucheza. Watu wanashukuru. Niliwahi kuletewa mtoto wa namna hiyo ambaye kadi yake, iliyoandikwa mahali nisipopataja, ilisema "koo", na alikuwa amekunywa dawa za mafindofindo wiki mbili nzima. Homa haishuki, kikohozi hakiishi. Picha ya eksirei haikuonesha kokwa yoyote, kwa sababu kokwa ya mmea kwa kawaida haionekani kwenye eksirei; ilionesha tu kwamba sehemu ya chini ya pafu la kulia haipitishi hewa. Nikamuuliza bibi yake swali moja: "Kabla ya kikohozi kuanza, alipaliwa?" Bibi akakaa kimya, akasema, "Kwa ubuyu, mwanangu."

Kwa nini pafu la kulia? Hapa lazima tushuke ndani kidogo.

Bomba la hewa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na upana wa kama sentimita 2. Limeshikiliwa na pete 16 hadi 20 za gegedu, ule mfupa laini. Ukigusa shingo yako chini ya kongomeo utazihisi. Jaribuni. Naona wote mmeshika shingo kama walioona deni. Pete hizo hazikamiliki. Ziko kama bangili iliyokatwa, na upande ulio wazi unatazama nyuma, mahali ulipolala umio, yaani marii. Hapo pana msuli laini tu, na tonge kubwa likishuka kwenye umio linapata nafasi kidogo ya kujitanua. Majirani wema hao. Huko chini, ndani ya kifua, bomba hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto. La kulia ni fupi zaidi, pana zaidi, na limesimama wima zaidi. Kitu kikianguka hufuata njia iliyonyooka.

Mtu wa kwanza anayejulikana kutoa kitu huko ndani kwa kupitisha bomba mdomoni, bila kupasua kifua, ni Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1897. Alikitoa kwa mkulima mmoja kipande cha mfupa kutoka tawi la kulia. Mfupa wa nguruwe, niwieni radhi. Kazi hiyo leo inaitwa bronkoskopi, na ndiyo iliyomtoa mjukuu wa yule bibi kokwa yake.

Turudi kwenye majina, nianze juu.

Ukifungua mdomo, kinachoning'inia katikati ni kimio, wengine wanaita kilimi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na wazee mnisamehe. Pwani yetu ina watu wanaokata vimio vya watoto kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Wanasema kimio kirefu kinagusa koo, ndiyo maana mtoto anakohoa. Mnaona neno lile lile linavyotuponza? Kikohozi cha muda mrefu mara nyingi kinatoka chini, kwenye njia ya hewa na mapafu: pumu, kifua kikuu, kifaduro, au kokwa ya ubuyu. Kimio kiko mlangoni tu. Anayekata kimio kutibu kikohozi ni kama anayeng'oa bawaba ya mlango kwa kuwa jikoni kuna moshi. Na mtoto anaweza kutoka damu nyingi, au kupata pepopunda kwa kisu kichafu, huku kifua kikuu chake kikiendelea kumla.

Nyuma ya ulimi kuna kidakatonge. Neno zuri sana hili, natamani ningelitunga mimi. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, nimelisikia likitumika kwa kimio na pia kwa kile kifuniko kinachofunika njia ya hewa tunapomeza, kwa hiyo ukilitumia kwenye kadi ya mgonjwa eleza ni kipi. Pili, kifuniko hicho hakidaki kitu. Kinalizuia tonge lisiingie kwa jirani. Mimi ningekiita kikataatonge, ila najua wenye kamusi hawataniomba ushauri.

Chini yake ni zoloto, kisanduku cha sauti. Hili ni neno la vitabuni. Mitaani utasikia koromeo au kongomeo, na kila mzee atakupa mpaka wake wapi linaanzia na wapi linaishia. Halafu ndipo linapoanza bomba letu, trakea.

Msiogope neno trakea kwa kuwa ni geni. Lenyewe lilizaliwa kwa kosa. Wagiriki wa kale walidhani mishipa ya ateri inabeba hewa, kwa kuwa maiti waliowapasua ateri zao zilikuwa tupu. Wakaliita bomba la hewa "ateri ya kukwaruza", kwa sababu ya zile pete. Tabibu Galeno, katika karne ya 2, akaonesha kwamba ateri imejaa damu. Lakini jina lilikwisha kukaa. Mpaka leo daktari yeyote duniani akisema trakea anasema tu "ya kukwaruza". Waarabu walikuwa wapole zaidi, wakaliita kasaba ya hewa, mwanzi wa hewa. Kwangu mimi, mgonjwa wa Tanga akiambiwa "bomba la hewa, yaani halkumu" ameelewa, na sioni haya kuandika hivyo kwenye kipeperushi.

Sasa milio. Wanafunzi, hapa chukueni kalamu. Mama akija akasema mtoto "anakoroma", muulize: anapovuta pumzi au anapotoa? Kelele nzito inayosikika wakati wa kuvuta inatoka juu, kwenye zoloto au kwenye trakea. Filimbi nyembamba wakati wa kutoa inatoka chini, kwenye matawi madogo, na mara nyingi ndiyo pumu. Watu wa kawaida huita yote kukoroma, na hawana kosa. Kosa ni letu tusiouliza. Ile ya kuvuta, kwa mtoto mdogo aliyetulia kitandani, ni hatari. Bomba la mtoto mchanga lina upana wa kama milimita 4. Likivimba ndani milimita 1 tu pande zote, limebaki na milimita 2, na kwa hesabu za wanafizikia hewa hukutana na ukinzani mara 16. Mtu mzima mwenye uvimbe huo huo atalalamika sauti imepwelea, basi.

Kuna kikohozi kinachobweka kama mbwa, cha usiku, kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu hivi. Vitabu vinakiita krupu. Kiswahili hakina jina lake, na mimi ningependa akina mama watupe moja badala ya sisi kulitunga ofisini.

Dondakoo tunalo, na nalo lina kisa. Mfaransa Pierre Bretonneau aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1826 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa, kwa sababu mgonjwa huota utando mgumu wa kijivu, kama kipande cha ngozi, ambao ukijaribu kuubandua unatoka damu. Shingo huvimba ikawa kama ya fahali. Utando ukishuka kwenye zoloto unaziba pumzi, na sumu ya vijidudu inakwenda kuumiza moyo. Sisi tukasema donda. Nalipenda jina letu kwa kuwa linatisha inavyostahili, lakini anayetafuta donda mdomoni mwa mtoto anaweza kuupita utando asiujue. Kinga yake imo kwenye chanjo ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kifaduro na pepopunda vimo humo humo.

Bretonneau huyo huyo, mwaka 1825, alimwokoa msichana mwenye dondakoo kwa kufungua tundu kwenye bomba la hewa. Hapo tunafika kwenye maneno mawili yanayochanganywa hata na madaktari: trakeotomia na trakeostomia. Mkia wa kwanza maana yake kukata. Wa pili una maana ya mdomo: umekata, kisha umeacha mdomo wa kupumulia.

Nilikuwepo siku moja baba mmoja kutoka upande wa Pangani alipoambiwa kuhusu mwanawe, "Tutamtoboa koo." Yule mzee akasimama. "Mnataka kumchinja mwanangu?" Chumba kizima kilinyamaza, na muda ulikuwa hautusubiri. Nikamshika mkono, nikamwambia: "Baba, wewe unachinja?" Akasema anachinja. Nikamwambia, "Mchinjaji anakata halkumu na marii, na mishipa miwili ya damu. Huyu daktari hagusi marii, hagusi mishipa. Anatoboa dirisha dogo kwenye halkumu, chini ya mahali palipoziba, apitishe mpira mtoto avute pumzi." Akaniangalia. "Halkumu peke yake?" Peke yake. "Basi fanyeni."

Wala hakuwa wa kwanza kuwaza machinjio. Ibn Zuhr, tabibu wa Seville katika karne ya 12, alipotaka kujua kama jeraha la bomba la hewa linapona, alimpasua mbuzi hapo, akamuuguza mpaka akapona.

Jambo moja la kuwaambia jamaa mapema: mwenye tundu hilo hatoi sauti mwanzoni, kwa kuwa hewa inatokea chini ya nyuzi za sauti. Msipowaambia watadhani mmemkata ulimi.

Naona bwana mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie na kupaliwa, maana futari na harusi haziishi hapa kwetu. Mtu akipaliwa, muulize, "Unaweza kusema?" Akijibu, au akikohoa kwa nguvu, muache akohoe, usimpige mgongo, usimpe maji. Asipotoa sauti, mwinamishe, umpige kwa kiganja mara 5 kati ya mafupa ya mabega. Ikishindikana simama nyuma yake, ngumi iwe kati ya kitovu na chembe cha moyo, uvute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu, na mwingine akatafute usafiri. Mjamzito unambana kifuani, si tumboni. Mtoto chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, makofi 5 mgongoni. Kisha unamgeuza, unabonyeza kifua mara 5 kwa vidole viwili, tumbo lake usiliguse. Na usitie kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma halkumu.

Kijana mwenye shati la kijani, njoo mbele. Na wewe binti, simama nyuma yake. Ngumi hapo... juu kidogo. Usivute kwa nguvu kweli, mwenzio ametoka kula.