Presha Imepanda, Mgonjwa Je?

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie dawa za kupandisha presha kwa wagonjwa mahututi. Najua humu ukumbini wapo wauguzi, wapo wanafunzi wa udaktari, na wapo ambao wanaijua ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, kwa kukaa tu kwenye benchi la nje wakisubiri habari. Nitajitahidi nisimwache mtu nyuma.

Swali la ndugu wa mgonjwa huwa lile lile: "Daktari, presha imepanda?" Ukijibu imepanda, wanashusha pumzi. Siwalaumu, maana hata sisi macho yetu hayabanduki kwenye ile skrini. Lakini kupanda kwa presha ni jambo moja na kupona kwa mgonjwa ni jambo jingine, na tafiti zimetuonyesha hilo kwa gharama kubwa.

Presha hushukaje kwanza? Chukua mgonjwa mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyoufanya mwili ujidhuru wenyewe. Mishipa inalegea na kutanuka, maji yanavuja kutoka kwenye damu, moyo unakwenda mbio ilhali figo na ubongo havipati damu ya kutosha. Tunampa antibiotiki, tunamwongezea maji kwa dripu, na presha ikigoma tunaanza noradrenalini, dawa inayobana mishipa. Mwili wenyewe huitengeneza. Ulf von Euler wa Sweden aliitambua kwenye neva mwaka 1946, akaja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Kiwandani hutoka ikiwa kwenye chupa ndogo, na kwa mgonjwa huingia kwa pampu ya sindano, kwa kipimo cha mikrogramu. Haikai mwilini, ndani ya dakika chache imekwisha. Bomba la sindano likiisha na jingine halijaandaliwa, presha inaporomoka huku unatazama. Wauguzi mnaocheka hapo mbele mnajua kengele ninayoisema.

Tunalenga shinikizo la wastani la 65. Mgonjwa mwenye 90 kwa 50, chukua 50, ongeza theluthi ya tofauti ya namba hizo mbili, utapata kama 63. Bado kidogo.

Sasa nije kwenye utafiti ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua. Ilishafahamika kuwa kwenye sepsisi mwili hutoa oksidi ya nitriki kwa wingi, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za mishipa kulegea. Basi ikatengenezwa dawa ya kuzuia utengenezaji wake. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa: ziba chanzo, presha itarudi. Wakaijaribu kwa wagonjwa 797, wengine wakapewa dawa, wengine dawa bandia, yaani kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Presha ikapanda kama ilivyotarajiwa. Lakini kufikia siku ya 28, waliokufa kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 59, na kwenye kundi la dawa bandia asilimia 49. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Vifo vya moyo na mishipa ndivyo vilivyoongezeka. Ukibana mishipa, moyo unalazimika kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi, na moyo wa mgonjwa wa sepsisi mara nyingi nao unaumwa. Namba ya skrini inapendeza, ilhali damu inayotoka kwenye moyo kila dakika imepungua.

Tangu hapo mimi nikiambiwa dawa fulani "inapandisha presha vizuri", nauliza: walitoka hospitali wangapi?

Swali hilo hilo liliishusha dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha ambayo zamani ilipewa heshima kubwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,679 ulioilinganisha na noradrenalini. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 52.5 kwa dopamini na 48.5 kwa noradrenalini, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Ila mapigo ya moyo yalivurugika kwa asilimia 24 ya waliopewa dopamini, karibu mara mbili ya wale wengine. Na kwa wale ambao moyo wenyewe ndio ulioshindwa, dopamini iliambatana na vifo zaidi. Vasopresini nayo ilipimwa mwaka 2008, anjiotensini ya pili mwaka 2017. Zote zinapandisha presha, na hakuna iliyothibitika kwenye tafiti hizo kuokoa maisha zaidi. Sitazikalia.

La kusisimua zaidi ni kiasi cha presha chenyewe. Watafiti wa Ufaransa waliwahi kulinganisha lengo la 65 hadi 70 na lengo la 80 hadi 85. Vifo havikutofautiana kwa maana yoyote, ingawa kati ya wenye shinikizo la damu la muda mrefu, waliowekwa juu walikuwa wachache zaidi waliohitaji mashine ya kusafisha damu. Kisha Uingereza wakaenda upande wa pili: wazee wa miaka 65 na kuendelea, 2,600, nusu yao wakaachwa kwenye 60 hadi 65 ili wapewe dawa kidogo. Kufikia siku ya 90 walikufa asilimia 41.0, dhidi ya 43.8 kwa waliopata matibabu ya kawaida. Sisemi presha ya chini inaponya. Nasema haikuwadhuru, na dawa ilipungua.

Tahadhari moja. Mtu akifungua mafaili ya wodi ataona waliopewa dozi kubwa ndio waliokufa zaidi, aseme dawa inaua. Taratibu! Dozi ilipanda kwa sababu hali ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Ndiyo maana kwenye tafiti wagonjwa hugawanywa kwa kura.

Tuangalie nini basi, zaidi ya skrini? Kidole. Mwaka 2019 hospitali 28 za Amerika ya Kusini zilifanya jambo rahisi: bonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa kipande cha kioo cha hadubini, hesabu hadi sekunde 10, achia, uone rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri. Wagonjwa ambao matibabu yao yaliongozwa na kidole walikufa asilimia 34.9, walioongozwa na kipimo cha laktati, kemikali ya kwenye damu inayopimwa maabara, asilimia 43.4. Tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kuthibitika kitakwimu, lakini kwa kipimo kisichohitaji hata umeme, mimi nakichukua.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, ulizeni pia: dozi inapanda au inashuka? Mkojo unatoka? Presha ya 70 kwa dozi inayoongezeka kila saa ni habari mbaya kuliko 63 kwa dozi inayopunguzwa.

Kuna dada kaniandikia swali: je, ili kuanza noradrenalini, lazima kusubiri mpira wa mshipa mkubwa wa shingoni? Hapana, inaweza kuanzia kwenye mshipa mzuri wa mkononi, karibu na kiwiko au juu yake, kwa muda mfupi. Ila mgonjwa aangaliwe mara kwa mara. Ngozi ikiwa nyeupe na baridi pembeni ya sindano, dawa imevuja: simamisha hapo, usiitoe kanula, yaani kile kisindano cha plastiki kilicho mshipani, kabla ya kuvuta dawa iliyobaki, hamishia dripu mkono mwingine upesi, na kama ipo fentolamini, dawa inayolegeza mishipa iliyobanwa, ichomwe pale pale palipovuja.