Mtu wa tatu ndani ya Blenheim

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Ikitajwa Vita Kuu ya Pili hapa Kenya, wengi wetu tunawakumbuka askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliokwenda kupigana Burma, na ni haki yetu, maana hao ndio babu zetu. Leo naomba mnivumilie nimzungumzie kijana mwingine, aliyeletwa huku kwetu kujifunza kazi ya ndege za mabomu, akafia huku huku kabla hajamwona adui.

Mwaka 1941 jeshi la anga la Uingereza lilihamishia Nakuru kitengo chake cha mafunzo namba 70 kutoka Misri. Mwaka uliofuata kitengo namba 72 kikaja Nanyuki kutoka Sudan. Vita vilikuwa vinawaka Libya na Misri, na huku kulikuwa na anga tulivu, mbali na ndege za Wajerumani. Vijana walifika wakiwa wameshafundishwa kila mmoja kazi yake. Hapa ndipo walipounganishwa kuwa timu moja. Ndege ya mabomu waliyojifunzia, iliyoitwa Blenheim, ilibeba watu watatu: rubani, mwongoza njia ambaye pia ndiye aliyelenga mabomu, na mwendesha redio ambaye pia alishika bunduki.

Huyo wa tatu ndiye anayeniuma zaidi. Alikaa peke yake katikati ya ndege, ndani ya kibanda cha vioo mgongoni mwake, mara nyingi akitazama nyuma. Wenzake walikuwa mbele, akiwasikia kwa simu ya ndani tu. Hakuwa na usukani wala breki. Rubani akikosea, au injini ikikatika, yeye aliona ardhi ikimkimbia na hakuwa na la kufanya. Alikuwa sajini, kwa kuwa tangu 1940 wanaanga wote walipewa angalau cheo hicho, na wengi wao hawakuwa wamezidi sana miaka 20.

Sasa tujiulize, kwa nini ndege zianguke mahali palipochaguliwa kwa usalama? Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Jua likiwa kali, uzito wa hewa yake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa hewa ya Mombasa. Mbawa hushika hewa, na hewa ikiwa nyepesi ndege lazima ikimbie zaidi ndipo inyanyuke. Rubani mgeni, aliyezoea uwanja wa chini, anaona uwanja unaisha na magurudumu bado yako chini. Akishaondoka, mbele yake kuna Mlima Kenya wenye mita 5,199, upande mwingine safu ya Nyandarua, na mchana mawingu hujikusanya juu yake kwa haraka ambayo wenyeji wa huko mnaijua.

Ongezeni na ndege yenyewe. Swichi za kubadili pembe ya mapanga boi ziliwekwa nyuma ya kiti cha rubani. Ilibidi arudishe mkono nyuma apapase bila kuona, huku mkono mwingine umeshika usukani. Kurukia pembe ikiwa siyo, ndege inakuwa nzito kama imefungwa jiwe. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuandika "kosa la rubani" na kufunga faili. Aliyeziweka swichi pale naye ana sehemu yake.

Jeshi la anga lilitenganisha vifo vyake: waliouawa mapambanoni walitajwa kivyao, na waliokufa kazini, wakiwemo wa ajali, kivyao. Nauelewa utaratibu huo, lakini siukubali moyoni. Mama wa yule sajini alipata simu ya maandishi kama mama yeyote. Na hawakuwa wachache. Katika kikosi cha ndege za mabomu kule Uingereza, kilichoitwa Bomber Command, walikufa watu 55,573 kati ya kama 125,000 walioruka, na ndani ya idadi hiyo kuna maelfu waliokufa kwa ajali, wengi wakiwa bado mafunzoni.

Walimu wa historia mlioko hapa, nina ombi. Makaburi ya vita yapo Nanyuki, na yapo Nakuru, ndani ya makaburi ya upande wa kaskazini. Wapelekeni wanafunzi na madaftari. Jiwe lina namba ya askari, cheo, jina na tarehe ya kifo, na mara nyingi umri. Waambieni watafute mawe ya wanaanga yenye tarehe moja. Wakipata mawili au matatu, huenda wamepata timu ya ndege moja. Kisha wawaulize wazee wa mashamba ya jirani kama wazazi wao waliwahi kusimulia ndege iliyoanguka, siku gani, na upande gani wa mto. Hayo hayamo kwenye rejista ya makaburi, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.

Nitapokea maswali, tuanzie kwa mama pale nyuma.