Kimya Kilichoshindwa: Ugomvi wa Utumwa katika Siasa za Marekani, 1836 hadi 1860

Ndugu wasikilizaji, naomba nianze na kitambaa. Wengi wenu mmewasikia bibi zetu wakiitaja merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyouzwa kwa majora Unguja na kubebwa na wapagazi hadi bara. Ililetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku, lakini pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Na huku kwetu, nalisema kwa uchungu, majora hayo hayo yalitumika kununulia pembe za ndovu na watu. Nimeanza hapo kwa sababu tumezoea kufundishwa kwamba Kaskazini na Kusini zilikuwa kama nchi mbili zisizojuana, ilhali matajiri wengi wa viwanda walikula sahani moja na wenye mashamba, na kwa hiyo walitamani sana suala la utumwa lisizungumzwe kabisa.

Mwaka 1820 wanasiasa walidhani wamelimaliza. Missouri iliingia katika Muungano ikiwa jimbo la watumwa, Maine ikiwa jimbo lisilo na utumwa, na ardhi ya magharibi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa ikagawanywa kwa mstari wa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, utumwa ukikatazwa kaskazini mwake isipokuwa Missouri yenyewe. Hata hivyo, kufikia katikati ya miaka ya 1830, hati za maombi za kutaka utumwa ukomeshwe katika mji mkuu wa Washington zilikuwa zikimiminika Bungeni, nyingi zikiwa na saini za wanawake, ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Mei 1836 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kanuni kwamba kila hati inayogusa utumwa iwekwe kando bila kujadiliwa.

Aliyesimama kidete kuipinga ni John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekubali kurudi Bungeni akiwa mbunge wa kawaida. Hakuwa mmoja wa wale waliotaka utumwa ukomeshwe mara moja. Alichokitetea kwanza ni haki ya kuomba. Februari 1837 alimwuliza Spika afanye nini na hati ambayo ilidaiwa kutoka kwa watumwa wenyewe. Ukumbi ulichafuka, na wabunge wa Kusini wakataka akaripiwe rasmi. Mimi naiona siku hiyo kuwa nzito kuliko nyingi zinazotajwa vitabuni, kwa kuwa wazo tu la mtumwa kuliandikia Bunge liliwatia watu wale hofu ambayo hawakuweza kuificha. Hoja yao ilianguka, naye Adams hakunyamaza mpaka kanuni ilipofutwa Desemba 1844. Katika miaka hiyo minane, watu wengi wa Kaskazini ambao hawakuwa na habari na mtumwa walikuja kutambua kwamba kuulinda utumwa kulihitaji wao pia wafungwe midomo.

Vita na Mexico vilileta ardhi mpya, na ardhi mpya ikaleta ugomvi mpya. Katika mapatano ya mwaka 1850, Kusini ilipewa sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mtuhumiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea wala kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Kamishna alilipwa dola 10 akimkabidhi kwa bwana wake na dola 5 akimwachilia. Na raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia kumkamata. Mei 1854 Anthony Burns, aliyekuwa ametoroka kutoka Virginia, alikamatwa mjini Boston. Juni 2 alisindikizwa na askari wenye silaha hadi melini, maelfu ya watu wakishuhudia barabarani, na maduka yakiwa yametundikwa vitambaa vyeusi. Amos Lawrence, mfanyabiashara wa nguo, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa watu wa mapatano, wakaamka wakiwa wapinga utumwa.

Siku hizo hizo sheria ya Kansas na Nebraska ilifuta mstari wa mwaka 1820 na kuwaachia wakazi wa huko waamue wenyewe kuhusu utumwa, na Lawrence akatoa fedha zake kuwasaidia wahamiaji walioupinga utumwa kwenda Kansas, ambako damu ilimwagika mapema. Mwaka 1856 Seneta Charles Sumner wa Massachusetts, mpinga utumwa, alipigwa bakora na mbunge wa Kusini hadi kupoteza fahamu ndani ya ukumbi wa Seneti. Mwaka 1857 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ilitamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Na mwaka 1860 Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa kuenezwa katika ardhi mpya, akachaguliwa kuwa rais, na majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga na Muungano.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Kusini ilijitenga kutetea haki za majimbo. Nawaomba walisome tamko la South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, la Desemba 1860. Humo jimbo hilo linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini, yakiwemo Vermont na Massachusetts, yametunga sheria zao wenyewe za kuzuia watumwa waliotoroka wasirudishwe. Haki ya jimbo iliyowakera ilikuwa ile ya kukataa kumkamata binadamu, wakati ambapo karibu watu milioni 4 walikuwa bado utumwani.