Halloween yetu Iowa: hapa mtoto hapewi pipi mpaka achekeshe

Mambo vipi jamani, habari za huko nyumbani? Karibuni tena kwetu Des Moines, jimbo la Iowa. Hilo dude la rangi ya machungwa mnaloliona hapo mezani ni boga, na leo ndiyo siku yake.

Kwanza nimalizane na wale walioanza kuniandikia tangu wiki iliyopita: "Mama wawili, na wewe umeanza mambo ya mashetani?" Mashangazi zangu, tulieni. Chimbuko la Halloween ni Ireland, kwa Waselti, watu wa kale wa huko, waliokuwa wakifunga mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi. Kanisa nalo likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, kwa hiyo 31 Oktoba ni mkesha wake. Waairishi walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 wakaja nayo. Kwao walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, ule mzizi mgumu wa duara. Wakakuta huku kuna maboga makubwa, laini, nani tena ahangaike na tanipu? Mafuvu na majeneza ya plastiki kwangu hayaingii, hilo nilishalikataa na baba watoto analijua. Mengine ruksa.

Boga tunalichonga sura siku mbili tatu kabla, siyo mapema, kwa sababu likishatobolewa linaota ukungu upesi. Mwanangu mkubwa anakata mfuniko, kisu amekilaza upande, maana ukikata wima mfuniko unadumbukia ndani. Mdogo kazi yake ni kutoa uchafu: anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anavuta zile nyuzinyuzi zinazoteleza, anapiga kelele kama anachinjwa, halafu ukimwambia basi anakataa kutoka. Mbegu tunaziosha, tunazikausha vizuri kwa taulo, mafuta kidogo, chumvi na pilipili, zinaingia kwenye oveni mpaka zianze kutoa sauti. Hazifiki asubuhi. Ila msidanganyike mkalipika boga lenyewe na nazi! Haya ya kuchonga ni maji matupu, hayana utamu wowote. La kupika linauzwa pembeni, dogo, gumu, na hata hilo halifui dafu mbele ya boga la futari la kwa bibi.

Mavazi sitayasemea sana. Simba, rubani, malkia, chochote. Mwisho wa siku juu yake kinavaliwa koti la baridi na hakuna anayejua ulikuwa nani. Mwaka huu mkubwa nimemshonea la simba pana makusudi, koti lipite kwa ndani.

Sasa njooni kwenye ninachokipenda mimi. Sehemu nyingi za Marekani mtoto anagonga mlango, anasema maneno yake matatu, "trick or treat", anapewa pipi, anaondoka. Des Moines hapana. Hapa utoe kichekesho kwanza! Mwaka 1938 vijana waliharibu sana mali za watu usiku wa Halloween, ndipo mji ukaja na usiku wa watoto, wakauweka tarehe 30, na watoto wakatakiwa kuifanyia kazi pipi yao: kuimba, kukariri shairi, kuchekesha. Tarehe watu wanaijadili mpaka leo, ila kichekesho hakuna anayekigusa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni unatazama taa ya barazani: ikiwaka, karibu, imezimwa, pita kimya kimya.

Vichekesho vyenyewe, niwe mkweli, vimechacha. Mifupa, mizimu, kila mlango yale yale. Mimi nikawaza, kwetu si tuna vitendawili? Basi wiki nzima kabla tunategana mezani. Mdogo kashika kile cha nyumba isiyo na mlango, mkubwa anapenda "Huku ng'o, kule ng'o", kwa sababu jibu lake ni giza na wamesimama gizani.

Tuna jirani mzee, Mmarekani wa hapa hapa, amekaa na bakuli lake la chokoleti mapajani. Mdogo akamtegea, kwa Kiingereza chao. Mzee kafikiri weee, kashindwa. Mtoto kakaza uso: "Nipe mji." Mzee kashangaa, mji gani tena? Ikabidi mkubwa amweleze kwamba ukishindwa unatoa mji ndipo ujibiwe. Akatoa Chicago. Mdogo akajivuta: "Nimekwenda Chicago, nimekula pizza, watu wote wamenisalimia, jibu ni yai." Mzee alicheka mpaka bakuli likamwagika! Siku hizi tukifika anatusubiri na mji mkononi.

Tukirudi, foronya tulizobebea pipi zinamwagwa kwenye kapeti na soko linafunguliwa. Hapo undugu unawekwa kando: chokoleti moja kwa pipi tatu laini za kutafuna, hakuna kukopa. Mimi nakagua kwanza zenye karanga, maana mdogo zinamdhuru, kisha nachukua ushuru wangu. Mama hafanyi kazi bure.

Sasa mnisaidie. Vitendawili vyetu jirani ameshavijua vyote, na huyu mzee hapendi kurudiwa. Niandikieni hapo chini vya kwenu, vya Pwani, vya bara, vya Kongo, vyote vije. Viwe vifupi tu, kwa sababu pale mlangoni nyuma yetu kuna foleni ya watoto na baridi haina huruma.