Nimeagwa mara mbili na bado nipo Segerea

Haya jamani, habari za saa hizi. Wale mlioona video ya Jumatatu, ile ya kuaga narudi Marekani, naomba msicheke. Ndiyo, nilimkumbatia mama pale getini, nikalia kidogo, shangazi akaniombea dua ndefu, nikapanda Bolt na mabegi yangu ya dagaa na unga wa muhogo. Leo ni Jumatano. Nipo Segerea, kochi lile lile, na begi hilo hapo mlangoni mnaliona. Halijafunguliwa tangu juzi. Dagaa wanasikika mpaka sebuleni.

Iko hivi. Nasafiria tiketi ya wafanyakazi wa ndege. Bei yake ndogo sana, ila haikupi kiti. Unaenda uwanjani, unakaa pembeni unawatazama wenye tiketi zao wakipita, na ndege ikibakiza nafasi ndipo unaitwa. Jumatatu ndege ilijaa. Jana ikajaa tena. Siku zote mbili nimesimama pale Terminal 3 mpaka kaunta inafungwa, nikaita gari, nikarudi. Jana usiku mama wa genge alinikuta getini, akaniangalia mimi na begi langu, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, wamekurudisha?" Mtaa mzima sasa hivi unajua nimefukuzwa Marekani.

Basi nikasema, kwa kuwa nimekwama, nijibu lile swali mnaloniuliza kila siku kwenye komenti: dada, wewe unakaa Columbus, kazi yako iko Newark, unaishije? Na una furaha kweli?

Kwa wageni wa chaneli: mimi ni rubani msaidizi, narusha Embraer 175, ndege ya abiria 76, kwenye kampuni moja ndogo ambayo sitaitaja kwa sababu bado naipenda kazi yangu. Familia yangu iko Columbus, Ohio. Kituo changu cha kazi ni Newark, New Jersey. Katikati pana kilomita zaidi ya 700. Chukua Dar na Mbeya, kwa angani zinakaribiana kabisa. Sasa mfikirie mtu anakaa Mbeya, na kila wiki anatakiwa aripoti kazini Dar, kwa ndege, na mfukoni hana tiketi.

Kule Marekani ni jambo la kawaida kabisa. Kampuni inakupangia kituo, yaani uwanja ambao safari zako zinaanzia na kuishia. Unalala wapi na familia yako, shauri yako. Unafikaje kazini, shauri yako vilevile. Wengi tunafika kwa lifti. Ndani ya chumba cha marubani kuna kiti kidogo cha kukunjua, kiko nyuma ya wanaorusha, sisi tunakiita jampusiti. Unaenda getini mapema, wanaingiza jina lako kwenye mfumo, picha yako inatokea, wanathibitisha kwamba wewe ni rubani kweli na bado umeajiriwa. Halafu unaenda mlangoni kwa kapteni unaomba. Hata kama mfumo umeshakukubali, unaomba. Yeye ndiye mwenye chombo, akisema hapana ni hapana. Mimi sijawahi kukataliwa, ila nimeshasogezwa: nimeshafunga mkanda, anakuja rubani wa kampuni yenyewe dakika za mwisho, na mgeni ni mimi. Nikashuka na kibegi changu mbele ya abiria wote, kama mtu aliyekutwa amedandia bila nauli.

Kaka yangu ni mtumishi, ofisi yao ilihamia Dodoma, mke na watoto wamebaki Kimara. Ijumaa anashuka Dar, Jumapili anapanda. Zamani kwa basi, siku nzima imeisha barabarani. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 anajiona mfalme. Juzi tulikaa hapa hapa uani nikawa nampigia hadithi za lifti zangu, akanisikiliza weee, halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi mpiga mihuri nina kiti changu kwenye treni, nimelipia, kina namba. Wewe rubani mzima huna kiti?"

Nilikosa la kumjibu.

Maana hapo ndipo penyewe. Umbali si neno. Columbus hadi Newark angani ni kama saa moja na nusu, na kuna mtu wa Bunju ananisikiliza sasa hivi, anafanya kazi Kariakoo, anakaa kwenye foleni ya Mwenge muda huo huo asubuhi, na jioni anaurudia. Kinachochosha ni kutokujua kama utafika. Kuna wiki rosta yangu inasema niripoti Jumatatu saa 11:40 alfajiri. Hakuna ndege ya Columbus itakayonifikisha muda huo, kwa hiyo naondoka Jumapili. Ndege ya mwisho Jumapili siiamini, kwa sababu ikifutwa kwa mvua ya radi nimekwisha, kwa hiyo nalenga ya mchana. Ili nipate ya mchana natoka nyumbani binti yangu akiwa bado na nguo za kanisani. Hiyo Jumapili yote hakuna anayenilipa. Sisi kimsingi tunalipwa kwa saa za kuruka, na pale nyuma ya kapteni mimi ni abiria tu. Mwezi uliopita nililala nje ya nyumbani usiku 15. Nilikaa nikazihesabu: 4 kati ya hizo hazikuwa za kazi hata kidogo. Zilikuwa za kuwahi, au za kukwama.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, na hii sehemu nataka wale vijana mnaosomea urubani muisikie vizuri. Marekani kila kitu ni namba. Siku uliyoajiriwa inakupa namba yako, na namba hiyo ndiyo inayochagua rosta, likizo, kituo, hata Krismasi. Wenye namba kubwa, yaani wageni, wanawekwa kwenye akiba. Huna safari, una simu tu. Kwenye kampuni yetu simu ikilia una saa mbili uwe uwanjani. Kama unakaa Newark, unaikaa akiba nyumbani kwako unapika maharage. Kama unakaa Columbus, unaikaa akiba geto.

Geto letu lilikuwa Elizabeth, karibu na uwanja. Nyumba ya vyumba vitatu, watu 14 tunachangia kodi, vitanda vya dabodeka mpaka kwenye korido. Ukilipa kidogo unapata kile wanachokiita kitanda cha moto: si chako, unalala kilichopo, unakuja na shuka zako, na mara nyingine godoro bado lina joto la aliyeamka. Ukiongeza hela unapata chako peke yako. Kule Queens, New York, kuna mtaa unaitwa Kew Gardens, marubani na wahudumu wa ndege walijazana huko mpaka watu wakaubatiza Crew Gardens. Sasa mimi nilikuwa nakaa siku sita kwenye kitanda cha juu, simu kifuani, nasikiliza mtu anakoroma chini yangu, na kuna wiki simu haikulia hata mara moja. Siku sita! Binti yangu ameng'oka jino la kwanza nimeliona kwenye video, baba yake amelishika kama risiti.

Mwaka na nusu nilifanya hivyo. Kama mngeniuliza swali lenu kipindi kile, ningezima kamera.

Na ndiyo maana mwaka jana nilipoitwa kupanda kuwa kapteni, nikasema bado. Baba mdogo mpaka leo hajanisamehe. "Umekataa cheo? Umekataa mshahara? Au mumeo ndiye aliyekukataza?" Mume wangu maskini hata hakusema kitu, yeye anafanya zamu za usiku hospitali, alikuwa amelala. Baba mdogo, najua utaangalia hii video kwa hiyo nakueleza mbele za watu: ukipanda kuwa kapteni unaingia kwenye foleni ya makapteni, na kwenye foleni hiyo mimi ni wa mwisho. Narudi akiba. Narudi geto. Mshahara unaongezeka, sana tu, na zile siku sita zinarudi. Hapa nilipo, kwenye foleni ya marubani wasaidizi, nimesogea mbele. Wiki nyingi nachagua safari zinazoanza mchana na kuisha mapema, naondoka nyumbani asubuhi ile ile ya kazi na kurudi siku ile ile ninayomaliza. Wengine kwa macho yangu wamechukua cheo, wamechukua hela, nawaona kwenye viti vya kusubiri wamelala na koti usoni.

Mtaniambia, si uhamie Newark? Nyumba ya Columbus tukiiuza, kule tutapanga chumba na sebule. Mume wangu ana kazi yake, mtoto ana shule, na Waswahili wenzetu wako pale pale, nikikwama kuna nyumba nne za kumpeleka mtoto bila hata kupiga simu kwanza. Halafu kampuni hufungua vituo na kuvifunga. Kuhamia kituoni ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu.

Ngoja ninywe maji.

Kuna jambo sipendi kuliongelea ila nikiliruka nitakuwa nawadanganya. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilitoka Newark, kituo changu hiki hiki, kwenda Buffalo. Ilikuwa Q400, aina ile tuliyoizoea kwa jina la bombadia, ile inayotua Dodoma na Songea. Ilianguka ikikaribia kutua, watu 49 waliokuwemo wakafa wote, na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba yake chini. Rubani msaidizi alikuwa anakaa upande wa Seattle, ng'ambo nyingine ya nchi. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa njiani, kwa lifti ya ndege ya mizigo, akapitia Memphis, akafika Newark asubuhi. Kapteni wake naye alikuwa anatokea Florida, na hakuwa na kitanda cha kukodi pale. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kuvuta usukani pale ambapo ndege ilikuwa inamwonya asivute. Kuhusu uchovu walisema huenda uliwapunguzia uwezo, ila haukuweza kupimwa ulichangia kiasi gani.

Baada ya hapo sheria zilibadilika. Tangu Januari 2014 lazima nipate mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Na kila safari nathibitisha kwamba niko sawa kuruka. Lakini safari ya kutoka nyumbani kufika kituoni haihesabiki kuwa kazi. Saa hizo ni zangu. Naweza kuzitumia kulala, naweza kuzitumia kukimbizana na lifti usiku kucha, hakuna anayeniona. Kwa hiyo mimi nilijiwekea yangu: kama nimefika Newark sijalala, napiga simu nasema nimechoka. Nimeshapiga mara mbili. Mara ya pili mkono ulitetemeka, kwa sababu mtu wa upande wa pili alikaa kimya muda mrefu.

Sasa, furaha. Kwenye friji letu binti yangu ana kalenda. Anachora ndege siku ninazoruka, anachora nyumba siku nilizopo. Mwaka jana akaanza kuchora kitu cha tatu, kiti. Nikamuuliza hiki nini? Akasema hiki ni mama anasubiri. Kwenye mwezi ule kulikuwa na viti saba. Mwezi uliopita nilivikuta viwili. Mimi hicho ndicho kipimo changu, mkitaka kingine muulizeni mume wangu, ila muulizeni mchana akishaamka.

Na hapa Segerea ninadaiwa viti viwili tayari, maana nilimwambia nafika jana.

Subirini nicheki. Ndege ya leo ina nafasi tisa, tunaosubiri ni sita. Jana saa kama hizi ilikuwa na saba, likatokea kundi la watalii waliokosa ndege yao, zikaisha zote. Nina kazi Ijumaa jioni. Nikikosa leo nanunua tiketi kamili kama binadamu wengine, na baba mdogo akisikia bei atanikumbusha ule ukapteni.

Gari limefika, namsikia anapiga honi. Mabegi haya, pasipoti hii hapa. Mama leo hata hajatoka jikoni. Nimemwambia mama mimi naenda, akanijibu bila kugeuka, "Haya. Ugali wako nimeufunika, ufunguo wa geti uko chini ya ndoo."