Mama Hakuwa Mvumilivu

Asanteni. Ketini, ketini, mama zangu, hapa mbele pana nafasi. Mmeniita nizungumze na wahudumu wa afya ya jamii juu ya huduma, na nitazungumza juu ya huduma. Lakini nitaanzia matangani, kwa sababu ndiko tunakoharibia mambo. Walionisikia kanisani nikilisema hili, na wale wa mkutano wa walimu, mniwie radhi. Nitalisema mpaka lisikike.

Mwanamke akifa hapa kwetu tunachapisha kijitabu chenye picha yake, halafu tunaandika nini? "Alikuwa mvumilivu. Alikuwa mnyenyekevu. Hakulalamika." Nimeshika vijitabu vingi hivi kwamba naweza kuyasema maneno hayo kabla sijafunua ukurasa. Mama yangu alipofariki, ndugu zangu walikuja nayo yaleyale, yamepangwa tayari, yamebaki kwenda kwa mpiga chapa. Nikawauliza: huyu ni mama wa nani? Wa kwetu hakuwa mvumilivu. Alilalamika, tena kwa sauti. Akicheka, watu wa upande wa pili wa soko waligeuka.

Mama aliuza omena, dagaa wetu wa ziwani, katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Kibuye mnaijua, siwaelezi. Ila vijana wengi wanaokula omena hawajui habari ya mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hulala ufukweni na mzigo unaotoka fukwe za Usenge na Mbita hupungua sokoni. Wenzake siku hizo walinung'unika, na walikuwa na haki, maana karo haingoji mwezi. Mama alizisubiri siku hizo jinsi watoto wanavyosubiri Krismasi. Alifunika meza kwa gunia, akachukua baiskeli ya baba, akaenda kuwaona rafiki zake.

Ilikuwa baiskeli ya kiume, yenye kile chuma cha katikati. Miaka ya 1980, mwanamke mwenye rinda juu ya baiskeli ya kiume, anaimba! Mtaani wakasema huyu hana breki. Mzee mmoja akaja nyumbani kumshtaki kwa baba. Mama hakungoja baba ajibu. Akasema, "Mzee wangu, mji huu ulimkalisha Grace Onyango kwenye kiti cha meya mwaka 1965. Mwaka 1969 ukampeleka bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya nzima. Leo mimi nishtakiwe kwa baiskeli?" Baba hakusema neno. Aliinuka akaenda kuupaka mnyororo mafuta.

Namwona mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali lako, nimeulizwa mara nyingi: na nyinyi watoto, mlikula nini mama akizurura? Tulikula. Tulikula mtaani Nyalenda kwa rafiki zake, na watoto wao wakala kwetu, wala hakuna aliyeweka hesabu. Na kuzurura ni neno lako, si langu. Alikwenda na gorogoro ya omena, ule mkebe wa kupimia, lakini hiyo haikuwa safari yenyewe. Alikwenda kuketi. Alisukana nywele na wenziwe, akagombana nao, akapatana nao kabla ya magharibi. Kwa hiyo alijua nyumba ambayo mume anapiga, na mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya karo, na nani anakohoa tangu mwezi uliopita. Hakuna aliyemtuma kukusanya habari hizo. Zilimfikia kwa sababu alikuwa rafiki.

Kisha ikaja ile miaka. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, lakini sisi hapa tulikuwa tumeshazika kwa miaka mingi. Na dawa za bure katika hospitali za umma hazikuja hadi 2006. Hapo katikati ndipo alipougua rafiki yake wa meza moja pale Kibuye. Watu wa nyumbani kwake walimtengea kikombe, sahani na kijiko, na kijiko wakakifunga uzi mwekundu kisichanganyike na vya wengine. Tuliingia pamoja, mimi nikiwa nimeanza kufundisha juzijuzi, najiona nimesoma. Mama aliuona ule uzi. Akakichukua kijiko, akaukata uzi kwa meno, akauangusha motoni. Kisha akavuta sahani, akaanza kula ugali na rafiki yake, tonge kwa tonge.

Mimi niliogopa. Ndiyo, mimi mwalimu. Njiani nikamwambia, mama, unajitia hatarini. Akaniangalia kama mtoto aliyetapika kanisani. "Nimekula na huyu miaka ishirini, nianze leo kumkinai?"

Alimwogesha. Alimpakia nyuma ya baiskeli, amemfunga kwa leso kiunoni mwake asianguke, akamsukuma taratibu mpaka hospitali tunayoiita Russia. Mtu aliyemsemesha rafiki yake akiwa mlangoni, bila kuingia ndani, aligombezwa mpaka akaingia. Baada ya huyo wakafuata wengine.

Sasa kuna mtu ataniambia, mwalimu, huo si ndio uvumilivu wenyewe? Hapana! Mvumilivu angeuvumilia ule uzi. Angeketi pembeni, akasikitika, akaenda zake. Mama hakuuvumilia hata dakika moja. Mwanamke aliyezoea kupita mtaani akiimba watu wakimsema, ule uzi ungemzuia na nini? Ujasiri wa baiskeli ndio ujasiri wa sahani. Msinitenganishie.

Haya, nyinyi. Mwaka 2023 mlikabidhiwa mikoba na simu, na kila mmoja ana kaya kama 100. Najua posho ni ndogo na kaya ni nyingi. Ninaloomba ni hili tu: kabla hujatoa simu ukaanza kujaza majibu, keti. Ukipewa uji, kunywa. Na nyinyi mnaowasimamia, sikieni: msiwahesabie wanawake hawa milango tu.

Nilitaka kusema la chama na fedha za mazishi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Tutaliongea kwenye chai.

Kile kijitabu? Nilikifuta chote. Tukaandika kwamba alipenda baiskeli, soga na watu, na kwamba alikuwa na kelele. Kaka yangu mkubwa alininunia wiki nzima. Siku ya mazishi binti wa yule rafiki alisimama, hakusoma chochote, akaeleza habari ya uzi mwekundu. Alikuwa mdogo siku ile, ameketi karibu na moto. Sikujua kwamba aliona.

Baiskeli ninayo bado. Nimekuja nayo, imeegemea mwarobaini pale nje. Anayetaka kuipanda aipande, mnyororo una mafuta.